Sataranji ya watu wa chuma

Jumapili ya tarehe 2 Februari 2025 stima ilipotea kwetu Majengo, Mombasa, tangu alasiri, nikabaki na simu yenye chaji ya kubahatisha na roho mkononi. Huko Uholanzi, katika kijiji kiitwacho Wijk aan Zee, vijana wawili wa Chennai, India, walikuwa wamemaliza raundi 13 za shindano la sataranji wakiwa sawa kileleni: Praggnanandhaa, miaka 19, na Gukesh, miaka 18 na tayari bingwa wa dunia. Kichekesho ni kwamba wote wawili walikuwa wamepigwa mchana uleule, kila mmoja kwenye meza yake, mfano wa watu wawili wagombeao mlango kisha wakajikwaa pamoja kizingitini. Ikabidi waamuliwe kwa mechi za dakika chache. Gukesh akatwaa ya kwanza. Praggnanandhaa akarudisha. Ya tatu, ya kufa na kupona, ikawa ya Praggnanandhaa, na simu yangu ikazima nikiwa nimeona tu mikono ikipeanwa.

"Sasa wewe walia nini?" mume wangu akauliza gizani.

Silii, nikamwambia. Jasho. Joto la kaskazi hili.

Wanaonijua wajua kazi yangu. Mimi ni karani wa mizani katika kiwanda cha mabati, upande wa Jomvu. Lori laingia na roli za chuma kutoka bandarini, napima. Latoka tupu, napima tena. Tofauti ndiyo chuma, naandika, natia sahihi. Miaka 19 sasa. Kila Januari raundi za Wijk aan Zee huanza saa nane mchana kwao, ambayo kwetu ni saa kumi, watu wakitoka kusali alasiri, na mimi huiegemeza simu kwenye kikokotoo nikatazama kwa jicho moja huku la pili likiwa kwenye namba za mizani. Madereva hudhani nabeti. Mmoja aliwahi kuniomba nimpe timu ya uhakika.

Mashindano ya sataranji yako mengi, na mengine yana pesa kuliko hili. Lakini hili lilianzishwa na kiwanda cha chuma. Si benki wala sultani, wala serikali iliyotaka kujionyesha. Wafanyakazi wa kiwanda cha chuma, wa zamu, wenye masizi kwenye kucha, walikuwa na chama chao cha sataranji, na kutokana na chama hicho likatoka shindano ambalo wachezaji wa leo huliita Wimbledon ya mchezo wao. Hilo la 2025 lilikuwa la 87. Kila nikilitazama nauona mlango wa kiwanda chetu.

Na pia kuna mjomba.

Mjomba wangu, nduguye mamangu wa tumbo moja, alikuwa baharia. Alikuwa na sataranji ndogo ya kukunja, kete zake zina vijiti chini vya kuchomekwa kwenye vitundu ili meli ikiyumba zisimwagike. Alifunzwa na mabaharia wa Kihindi, kwa hiyo malkia alimwita waziri, ngome akaiita ndovu, na askofu akamwita ngamia. Mimi hadi leo nikicheza peke yangu nasema ngamia. Hapa nitatumia majina yanayojulikana, msije mkapotea.

Alinifunza nikiwa na miaka tisa, nyumbani kwake Kibokoni, uani, kwa sababu barazani walikaa wanaume na dhumna zao na msichana hakai barazani. Shangazi yangu mkewe alilalamika kwamba mtoto wa kike afunzwa mambo ya kukaa. Mjomba akamjibu, "Na mahamri yako huyakandi umekaa?" Yakaishia hapo.

Kisa alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha Januari 1973. Meli yao ilibeba madini ya chuma, ikaingia IJmuiden, pale mfereji wa kwenda Amsterdam unapofungukia bahari, kwenye tanuri za kampuni iliyoitwa Hoogovens. Kushusha mzigo kulichukua siku kadhaa. Mwendesha kreni mmoja, Mholanzi, akaiona ile sataranji ya vijiti, akamwonyesha kwa ishara: kule, nyuma ya kiwanda, kijiji, nenda. Mjomba akaenda. Alisema alivaa makoti mawili na soksi tatu na bado baridi ilimpata kwenye mifupa, upepo watoka baharini umebeba mchanga na harufu ya makaa.

Aliingia ukumbini na hakuulizwa wewe nani. Hilo ndilo alilokuwa akilirudia. Mbele wamekaa mabingwa. Nyuma yao, ukumbi uleule, hewa ileile ya moshi wa sigara, safu kwa safu za watu wa kawaida wacheza vilevile. Wazee, wanafunzi, watu wenye mikono ya kazi. Na pale mbele akamwona mtu mwenye macho ya kutisha, avuta sigara moja kwa nyingine, na mkono wake wa kulia una vidole vitatu. Kila akisogeza kete, wenzake wainuka mezani mwao kuja kutazama.

Tulimcheka. Vidole vitatu! Tulikuwa tukimwita "zimwi la mjomba". Jina hakulijua, nasi hatukumwamini.

Alipoenda kula mkahawani akaletewa bakuli la supu nzito ya kijani. Akauliza nyama gani hii inayoelea. Mwenye mkahawa akakoroma kama nguruwe, kwa adabu kabisa, ili aelewe. Mjomba akarudisha bakuli, akala mkate na kahawa.

Miaka mingi baadaye, yeye keshafariki, nilikuwa nasoma kuhusu Mikhail Tal, yule wa Riga aliyekuwa bingwa wa dunia 1960 hadi 1961, mtu aliyekuwa akitoa kete zake kafara kama anayegawa sadaka. Tal alizaliwa na mkono wa kulia wenye kasoro. Vidole vitatu. Na nani alishinda Wijk aan Zee mwaka 1973? Tal. Nilikaa kitako pale pale. Labda mjomba aliwahi kusoma mahali. Lakini mjomba hakuwa msomaji wa kitu ila msahafu na ratiba za meli.

Basi nikaanza kulifuata shindano hili nyuma, mwaka kwa mwaka, kama mtu anayetafuta nasaba.

Mwanzo wake wahusu mwalimu wa hisabati. Max Euwe alifundisha shule Amsterdam, na mwaka 1935 akampokonya Alekhine ubingwa wa dunia. Waholanzi wakapagawa na sataranji. Ubingwa aliupoteza 1937, lakini homa haikushuka. Hoogovens, kampuni iliyoanzishwa 1918 na kuwasha tanuri yake ya kwanza 1924, ilikuwa na wafanyakazi wengi na chama chao cha mchezo huo, na mwaka 1938 wakafanya shindano mji wa jirani, Beverwijk. Wachezaji wanne. Wanne tu! Mshindi aliitwa Philip Bakker, na nakuhakikishia ukilitaja jina hilo leo hata mbele ya watu wanaojiita mashabiki watakutazama kama umetaja dereva wa tuktuk.

Euwe mwenyewe akaja akashinda 1940, miezi michache kabla Wajerumani hawajaivamia nchi. Vita vikaingia na shindano likaendelea, dogo, Waholanzi watupu. Hapo huwa natua. Mtu anaamka nchi imekaliwa na jeshi la kigeni, anavaa koti, anaenda kufikiria farasi wake. Mshindi wa 1943 alikuwa kijana, Arnold van den Hoek. Hakuufikia mwisho wa vita; alikufa 1945, hajatimiza hata miaka 25. Mwaka huohuo ndio pekee ambao shindano halikufanyika. Ulikuwa msimu wa njaa. Watu magharibi mwa Uholanzi walikula vitunguu vya maua ya tulipu, hayo hayo wanayouza leo kwa ulimwengu.

Januari 1946 wakarudi. Safari hii wachezaji kumi, na kwa mara ya kwanza na wageni, na aliyeshinda ni Mbelgiji, Albéric O'Kelly. Ikafika jioni ya kufunga, wageni wako mezani, na nchi haina chakula. Wakapika kilichokuwapo: supu ya njegere kavu. Basi tangu siku hiyo, kwenye karamu ya kumaliza, hata kampuni ilipotajirika, hata walipokaa mezani mabingwa wa dunia kama Kasparov na Anand, chakula cha kwanza ni supu ya njegere. Ile ile aliyoirudisha mjomba.

Nimejaribu kuipika, bila ya nguruwe bila shaka. Nilitumia njegere zilizopaazwa nikaweka kuku wa moshi. Ilitoka kama rangi ya ukuta wa hospitali. Watu wa nyumbani wakaila kwa heshima, kisha nikaona mwanangu yuamimina tui la nazi kwenye bakuli lake kimyakimya. Tangu hapo nimekubali kwamba mbaazi za nazi ndiyo supu yetu ya njegere, na mahamri pembeni, na ugomvi umekwisha.

Mwaka 1968 shindano likahamia Wijk aan Zee, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya kiwanda na bahari. Kwa miaka mingi sasa huchezewa ukumbi wa kijiji uitwao De Moriaan. Ni ukumbi wa michezo na shughuli za watu, kitu kama zile kumbi zetu za jamii ambamo leo ni harusi na kesho ni mkutano wa chama cha ushirika. Mabingwa 14 wako kwenye jukwaa lao, wengine 14 wa daraja la pili kando, na sakafu iliyobaki ni ya wananchi, mamia yao, siku baada ya siku. Wananchi hupangwa makundi ya watu kumi wanaolingana uwezo. Ukishinda kundi lako, mwakani wapanda. Mshindi wa daraja la pili naye hupewa kiti mezani kwa mabingwa mwaka unaofuata. Kwa hiyo yaani, kwa hesabu tu, kutoka meza ya mwisho kabisa mlangoni hadi meza ya bingwa wa dunia kuna ngazi, na ngazi hiyo haina kufuli.

Mwaka 2014 walianza kuwachukua mabingwa siku mojamoja kwenda kucheza kwingine, hata Rijksmuseum, jumba la makumbusho kule Amsterdam, chini ya picha za kale. Sikupenda. Picha nzuri, sawa, lakini umemtoa bi harusi kwenye ngoma ukampeleka studio.

Sasa niseme juu ya 1999, maana mtu hawezi kuandika habari za shindano hili akairuka.

Ilikuwa Idi imepita siku moja mbili. Nilikuwa na miaka 21, nasomea uhasibu, na mjomba sukari ilikuwa imeshamla mguu mmoja. Tarehe 20 Januari Kasparov alicheza na Topalov wa Bulgaria. Sisi habari ilitufikia wiki kadhaa baadaye: nilienda duka la intaneti mjini, unalipa kwa dakika, mashine yapiga kelele kama mbuzi, nikachapisha ukurasa mmoja wa hatua 44 na kuupeleka Kibokoni kama niliyebeba dawa.

Tukazichomeka kete kwenye vitundu vyao. Mimi nasoma, yeye asogeza. Hatua za mwanzo akazipita haraka, aguna tu. Hatua ya 24 Kasparov akala askari wa katikati kwa ngome yake, na ngome hiyo yaliwa bure na askari mwingine. Mjomba akasimamisha mkono.

"Rudia."

Nikarudia.

"Umesoma vibaya."

Sikusoma vibaya. Topalov angeweza kuiacha. Angepandisha mfalme wake nyumba moja na mechi ingeendelea. Akaila. "Tamaa mbele," mjomba akasema, hakumalizia. Ngome ya pili ya Kasparov ikarukia e7 (kila nyumba ya ubao ina jina lake la herufi na namba), nayo pia yaweza kuliwa na malkia, lakini ukiila hiyo ndiyo siku yako. Kuanzia hapo mfalme wa Topalov akawa mkimbizi. Alikuwa amejificha pembeni kushoto, kwenye a7, nyumbani kwake. Akatoka b6, akasukumwa a5, akasukumwa a4, akafika a3 akila askari njiani kama mtu anayeokota embe huku akikimbizwa na mbwa. Kisha b4, kisha c3, kisha d2, hadi d1, ukuta wa mwisho wa adui, karibu na mfalme mweupe kabisa. Na Kasparov hakumfukuza kwa pupa. Kati ya vishindo vile kuna hatua za kimyakimya, malkia ajisogeza nyumba moja tu, huku ngome nzima keshaitoa. Hatua ya 36 yule askofu wake, ngamia wetu, akarudi nyuma nyumba ya f1, akakaa mahali ambapo mfalme mweusi na malkia wake wote hawana raha.

Mjomba alikaa kimya muda. Maghrib ikaadhiniwa na hajasema kitu. Halafu akaniambia nirudishe kete zote, tuanze tena, lakini polepole, na mara hii yeye ndiye Topalov na ataiacha ile ngome. Tulicheza hadi isha. Hakushinda hata hivyo, ila alikufa kwa heshima zaidi.

Kasparov alimaliza na pointi 10 kati ya 13, Anand nusu pointi nyuma yake. Akaja akashinda tena 2000 na 2001.

Mjomba alifariki 2002. Januari iliyofuata Judit Polgár, mwanamke peke yake kati ya wanaume 13, akashika nafasi ya pili nyuma ya Anand bila ya kupoteza hata mechi moja, na Karpov mzima, bingwa wa dunia wa zamani, alikuwa mmoja wa aliowapiga. Nilitamani sana angekuwapo. Si kwa sababu angeshangaa. Ningemtaka shangazi asikie.

Kuhusu Carlsen wa Norway, bingwa wa dunia wa zamani, kila mtu ana la kusema na nitapita upesi, ila kwa jambo moja. Watu hukumbuka kwamba ameshinda Wijk aan Zee mara nane, hakuna aliyemkaribia. Mimi hukumbuka ngazi. Mwaka 2004, miaka 13, alikuwa kundi C, la tatu kutoka juu, akashinda. Mwaka 2006 kundi B, akafungana kileleni. Akapandishwa kwa wakubwa 2007 na akashika mkia: pointi nne na nusu kati ya 13, hakushinda hata mechi moja. Hata moja! Mwaka mmoja baadaye, 2008, akagawana nafasi ya kwanza na Aronian. Ile 2007 ndiyo niipendayo. Siku nikipata kijana mpya kwenye mizani anayekosea namba na kutaka kuacha kazi, humweleza 2007. Hawaelewi kitu, lakini hucheka.

Na 2021, mwaka wa korona. Wananchi hawakuruhusiwa, ukumbi ukawa na mabingwa 14 peke yao, meza zimetawanywa, mfano wa harusi isiyo na wapishi wala watoto. Ndio mwaka ambao, baada ya Timman kushinda 1985, Mholanzi alishinda tena: Jorden van Foreest, miaka 21, akimtoa Mholanzi mwenzake Anish Giri kwenye mechi ya mwisho ya sekunde. Wenye shindano lao wamengoja miaka 36, na siku ya siku hakuna jirani wa kupiga makofi. Tena katikati ya hayo wasimamizi wakamfuata kijana mmoja wa mabingwa wale, Firouzja, angali acheza mechi yake, wakamuuliza kama atahama meza ili hao wawili wapate nafasi. Kijana akakasirika, na wakaja kumwomba radhi. Haki yake. Mtu akifikiri haguswi.

Kinachonishangaza kuliko mabingwa wote ni mwenye mali. Hoogovens iliungana na kampuni ya chuma ya Waingereza 1999, ikawa Corus, na shindano likaitwa Corus. Mwaka 2007 Tata wa India wakainunua Corus, na tangu 2011 shindano ni Tata Steel. Majina matatu langoni. Kila mara mwenye mali mpya huja na watu wake wa hesabu, nawajua watu wa hesabu, mimi ni mmoja wao, na jambo la kwanza wanalolitafuta ni kitu kisichoingiza faida. Na kila mara mtu fulani pale ndani alisema hili lisiguswe.

Huyo mtu fulani ndiye niliyemtafuta kwetu.

Mwaka 2021 niliandika barua kwa ofisi ya wafanyakazi. Nilieleza Beverwijk, nikaeleza 1938, nikaweka na hesabu: sataranji kumi za plastiki, Jumapili moja, chakula cha mchana cha watu kumi. Jumla haikufika bei ya tairi moja la lori. Jibu lilikuja kwa mdomo, kupitia msimamizi wa zamu, kwamba kampuni tayari ina timu ya mpira. Kisha akaniuliza, kwa upole tu, kama sataranji si ndiyo ile drafti.

Nilikasirika wiki moja. Halafu nikakumbuka wale wanne wa Beverwijk.

Januari 2022 tulikuwa wanne: mimi, dereva wa foklifti, mlinzi wa lango la nyuma na kijana wa kupanga mabati aliyejifunza shuleni. Tulikaa banda la chai, Jumapili, sataranji mbili. Moja niliinunua Marikiti, ya pili ni ile ya mjomba, ambayo farasi wake mweupe alipotea zamani na mahali pake pamechomekwa nati ndogo iliyopigwa rangi. Kila mtu na kila mtu, mechi sita jumla. Sufuria la mbaazi nililileta kwa tuktuk nimelipakata mapajani, nazi ikanimwagikia hadi leso ikawa yanuka wiki nzima. Mimi nilipoteza mbili. Mlinzi alishinda zote tatu, hakusema kitu, akaomba mbaazi zilizobaki awapelekee watoto.

Jumatatu nikakuta pale ukutani kwenye mizani, chini ya orodha ya malori, mtu ameandika kwa chaki majina yetu manne na pointi. Sikuuliza nani. Nikaipima lori iliyofuata.

Mwaka wa pili tulikuwa sita. Wa tatu sita tena, kwa sababu mmoja alihamia Voi na mmoja akaja. Wa nne, 2025, tulikuwa tisa, na mlinzi amepigwa kwa mara ya kwanza, na aliyempiga ni msichana wa ofisi ya risiti ambaye hakuwa ametuambia kwamba anajua. Mechi yao ilisimamisha zote. Dereva wa foklifti alikuwa ashinda kwenye meza yake, akaiacha saa yake ikikimbia kwenye simu, akaenda kusimama nyuma yao, akapoteza kwa muda. Hajutii, asema.

Tisa ni namba mbaya, kila raundi mtu mmoja akaa bure. Nataka kumi. Kuna tanboi mmoja wa malori ya bandarini ambaye kila akija kupima huinama dirishani kutazama simu yangu. Nimemuuliza kama acheza. Amesema yeye ni wa drafti, sataranji haijui, kete zenyewe zina vichwa vingi. Lori lake huja Jumanne na Ijumaa. Nimemwambia akifika asishuke na dereva kwenda chai, aje dirishani, na nimeshaichomeka ile ya mjomba tayari, hapo kando ya kikokotoo, nati na wote.